Sio baridi inayoua vyura wako, ni majani

Jamani watu wa Minnesota na Wisconsin, kila mwezi wa nne barafu ikiyeyuka napigiwa simu zile zile, vyura wanaelea tumbo juu kwenye kidimbwi cha bustani wamevimba, na lawama zote anabebeshwa winta. Nikiuliza majani ya miti yaliyodondokea humo ulitoa lini, kimya, au naambiwa "niliyaacha makusudi wapate joto". Joto gani tena la majani yanayoozea ndani ya maji?

Naelewa linakotoka. Nyumbani tunamjua chura anayejichimbia ardhini kiangazi halafu mvua ikigusa tu huyo katoka. Huyu wa hapa mwenye madoa hajifukii hivyo, analala majini juu ya tope na winta nzima anapata oksijeni ya kwenye maji kupitia ngozi. Majani yakioza yanaimaliza oksijeni hiyo hiyo, juu barafu imeziba haingii hewa mpya na gesi ya uozo haina pa kutokea. Maji ya chini yanabaki karibu nyuzi 4 za Selsiasi, hizo anazimudu vizuri, pumzi ndo hana.

Kwa hiyo wavu wa kuzuia majani utandazwe juu ya kidimbwi katikati ya mwezi wa tisa, narudia, WA TISA, sio Thanksgiving, ile sikukuu ya mwishoni mwa Novemba, majani yameshazama ndo unakimbilia dukani. Uvute ukazike usiguse maji, na upande mmoja uinue kama sm 10 vyura wapite. Yaliyozama yachote kwa neti ya mkono kabla mwezi wa kumi haujaisha, taratibu, ubakize tope laini sm 3 hivi. Kuanzia Novemba usichokonoe chini kabisa, wameshalala. Kuna mtu alitoboa barafu mwezi wa 12 akaingiza reki ya chuma akakoroga mpaka maji yakawa uji, sijui alikuwa anatafuta nini.

Kina kiwe futi 3 pale pa ndani kabisa, kidimbwi cha futi moja na nusu huku kinaweza kuganda mpaka chini na hapo mengine yote ni kazi bure.

Tundu kwenye barafu, hita ya kuelea inatosha, iwashe kabla barafu ya kwanza haijafunga, kazi yake ni kuacha uwazi wa sm 30 tu, sio kuchemsha maji. Ukitumia pampu ya hewa jiwe la mapovu likae sm 30 chini ya uso, ukilizamisha mpaka kwenye tope unapandisha maji ya nyuzi 4 na kuwashushia wenzio yale ya juu yenye baridi zaidi. Barafu ikifunga weka sufuria ya maji moto juu yake iyeyushe polepole, nyundo hapana. Theluji fagia angalau nusu ya kidimbwi, mimea ya chini inataka mwanga ndo itoe oksijeni.

Aprili ukisikia mikoromo majini, wamepona.

Majani uliyoyatoa usiyatupe, yarundike chini ya miti sm 15 hadi 20. Kuna chura mdogo wa kahawia mwenye doa jeusi machoni, huyo halali majini, analala chini ya majani nchi kavu na anaganda kweli, moyo unasimama, halafu akiyeyuka anaondoka zake. Rundo hilo usiliguse mpaka Mei, na chumvi ya kuyeyusha barafu njiani isilikaribie, wala isikaribie kidimbwi.