Kupunguza gia kwenye mteremko wa Kitonga
Unaposhuka Kitonga, mkoani Iringa, Tanzania, kuelekea Ruaha Mbuyuni kwa gari la kubadili gia kwa mkono, punguza mwendo kwa breki kwanza, kisha, klachi ikiwa imekanyagwa na gia ya chini imeingia, gusa mafuta kidogo ili injini ipande hadi kasi inayohitajika kabla hujaiachia klachi taratibu. Ikiwa kwenye gia ya nne injini ilizunguka mara 2,000 kwa dakika, ya tatu kwa mwendo uleule itahitaji takriban 2,700 katika magari mengi. Usipofanya hivyo gari hushtuka, klachi huchakaa mapema na, jambo ninalolihofia zaidi wakati wa mvua, magurudumu yanaweza kuteleza. Isikilize injini badala ya kutazama mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi, kwa sababu kona zile zinahitaji macho yako.