SOMO: Umeiambia taa 50, inawaka kama 90. Soma kabla hujanipigia

Wiki hii nimepigiwa simu mara sita kwa jambo hili hili, moja saa nne za usiku nikiwa nishalala: taa ya dima (kifaa cha kupunguza mwanga, unakiendesha kwa simu) haifuati asilimia unayoiagiza. Naliandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena namtumia ukurasa huu.

1. Zima breka. Siyo swichi ya ukutani, breka.

2. Soma boksi la balbu. Kama halikusema kwamba balbu inakubali dima, basi haikubali. Usibishane nayo.

3. Balbu zote za laini moja ziwe aina moja. Moja ikiungua ukatia ya dukani kwa jirani, mbili zitashuka taratibu na ya tatu itazima ghafla.

4. Mzigo. Dima nyingi za zamani zilitengenezwa kwa balbu za moto (zile za zamani za waya unaowaka ndani), utakuta imeandikwa wati 40 mpaka 400. Wewe unafunga LED mbili za wati 5, jumla 10. Lazima ipepese, na pengine haizimi kabisa. Tafuta dima ya LED, na kama ina chaguo, anza na la kukata mwisho wa wimbi la umeme (trailing edge).

5. Kalibresheni, yaani kuipimisha dima upya kwa balbu ulizofunga. Kila ukibadilisha balbu, irudie.

6. Mkunjo wa mwanga. Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hivyo soma polepole.

Jicho halihesabu kama dima. Mwanga ukishuka mpaka asilimia 18, jicho linasema "nusu". Ndiyo maana dima ikitoa nusu kweli ya mwanga, mwenye nyumba analalamika kuwa taa haijapungua. Dawa yake ni mkunjo, yaani hesabu ya kugeuza namba: 50 ya kwenye simu igeuzwe kuwa namba ndogo zaidi kwenye taa.

Sasa, kuna nyumba ya wageni Paje niliifunga vyumba vinne. Nikaandika mkunjo kwenye kompyuta inayoendesha nyumba, nikajiona fundi kwelikweli. Kumbe dima zenyewe zilikuwa na mkunjo wao ndani, tangu zinatoka kiwandani. Ukiagiza 50, kompyuta inafanya 25, dima inapokea 25 inafanya 6. Bibi mwenye nyumba akanambia, "Mwanangu, wageni wangu wanatafuta viatu kwa tochi." Nikabadilisha balbu, nikafungua maboksi yote ya ukutani, siku mbili zimepotea, nauli yangu mwenyewe.

ANGALIZO: mkunjo uwe sehemu MOJA. Ama kwenye dima, ama kwenye programu. Na kiwango cha chini kabisa hivyo hivyo: kiwekwe kwenye dima tu. Weka 1 kwenye simu, pandisha kiwango taratibu mpaka taa itulie bila kupepesa, ishia hapo.

MASUALI

Boss_Fumba: Fundi taa yangu inasumbua, msaada.
Jibu: Taa gani? Dima gani? Balbu ngapi?
Boss_Fumba: Balbu za kawaida tu.
Jibu: Hatua ya 2.

Yakhe_wa_Malindi: Mimi fundi mwengine kanambia ni umeme mdogo wa huku kwetu. Naona unazunguka tu.
Jibu: Sizunguki, yakhe. Umeme ukiwa mdogo taa hupanda na kushuka, jioni mbaya, alfajiri nzuri. 50 yako ikikosea pale pale kila siku, saa zote, usimsingizie umeme.

BintiMichenzani: Shikamoo fundi. Nimeandika otomesheni (amri ya kujiendesha yenyewe) kwenye Home Assistant, programu ya kuendesha nyumba, wakati wa futari taa ya ukumbini ishuke mpaka 50. Inashuka mno, hatuoni hata tende. Mkunjo sijaugusa popote.
Jibu: Marahaba mwanangu, suali zuri hili. Bila shaka umeandika `brightness: 50`. Hapo kipimo ni 0 mpaka 255, kwa hivyo 50 yako ni kama asilimia 20. Andika `brightness_pct: 50`.
BintiMichenzani: Imekubali! Ahsante sana.

Mtu_wa_Wete: Fundi, nawezaje kupima mwenyewe? Nina mita ya bei rahisi.
Jibu: Mita hiyo itakudanganya, maana dima hukata wimbi na mita rahisi inadhani wimbi ni zima. Tumia simu, zipo programu za kupima mwanga. Ilaze mezani usiku, pahala pamoja, usiiguse. Andika namba kwenye 10, 25, 50, 75, 100. Usijali kama namba si sahihi kwa mizani, unachotaka ni kulinganisha.
Mtu_wa_Wete: Nimepima. 75 na 100 ni sawasawa kabisa.
Jibu: Basi punguza kiwango cha juu kwenye dima mpaka 100 ianze kushuka kidogo, halafu pima tena.
Mtu_wa_Wete: Imekaa sawa. Ila nilipofungua boksi la ukutani nimekuta mayai ya mjusi kafiri.
Jibu: Hayo kawaida. Ziba tundu la bomba la waya kwa silikoni, na kwa nyumba za pwani kagua skrubu za waya, chumvi inazila.

Boss_Fumba: Fundi nimenunua balbu mpya lakini bado.
Jibu: Hatua ya 5.