SOMO: Chai nzito ya Pasaka kwa ukoo mzima, na watoto wapate cha kufanya

Wakuu, kila Kwaresima ikifika katikati naanza kuulizwa yale yale: watoto watafanya nini, mayai yanatiwaje rangi, watu waje saa ngapi. Nimejibu kwa simu, nimejibu kwenye kundi la ukoo, nimechoka. Naandika mara moja hapa. Nakaa Kimara, napokea watu wazima 20 na watoto 14, huu ni mwaka wa sita.

1. Muda: saa nne na nusu asubuhi. Waliokesha wameshalala kidogo, wa misa ya kwanza wamesharudi.

2. Mayai: matatu kwa kila mtoto, na ya akiba kwa yatakayopasuka. Watoto 14, trei mbili zinatosha. Chagua ya kienyeji yenye ganda jeupe. Ganda la kahawia la kuku wa kisasa linameza rangi.

3. Chakula: supu ya mbuzi na chapati, vyote navipika Jumamosi jioni. Asubuhi ni vitumbua, chai ya maziwa na matunda. Pilau siipiki. Itanifunga jikoni, nami nataka kuwa uani na watoto.

4. Rangi: maganda ya vitunguu maji, viganja vinne kwa lita moja ya maji, yachemke nusu saa. Chuja, tia siki vijiko viwili vya chakula, chemshia mayai humo dakika kumi. Yanatoka mekundu ya kutu. Ukitaka njano, tumia manjano. Watoto wakubwa waifanye Jumamosi wenyewe, wanaipenda kuliko kula.

5. Kuficha mayai. Hapa nisomeni taratibu. Mwaka wa kwanza niliyaficha Jumamosi usiku ili asubuhi nisihangaike. Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, ndiyo masika yenyewe. Mvua ikapiga usiku kucha. Kulipokucha siafu walikuwa wameyaingia yote yenye ufa. Binti wa mdogo wangu, miaka mitatu, akaokota yai chini ya mgomba, siafu wakampanda mpaka kwapani. Tulimvua gauni palepale tukawa tunawang'oa mmoja mmoja, mwili unatoka, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania ngozi. Alilia mpaka akalala, hakuonja hata kitumbua. Na huku nyuma wale wa miaka kumi walikuwa wameshajaza vikapu, wadogo mikono mitupu.

Kwa hiyo: ficha asubuhi ileile, dakika 20 kabla. Zunguka ua mzima kwanza uangalie siafu. Yai lenye ufa libaki jikoni. ANDIKA kila ulipoficha na uhesabu, maana yai lililosahaulika nyuma ya pipa utalijua kwa harufu. Wa chini ya miaka sita wapewe eneo lao na waanze wao. Kila mtoto akifikisha matatu anakaa pembeni, au anamsaidia mdogo. Na kwa joto letu la Dar, yai lililokaa nje zaidi ya saa moja haliliwi kwangu.

6. Michezo mingine: mbio za yai kwenye kijiko, rede, kuruka kamba. Uwe na turubai.

7. Kabla ya kula, mtoto mmoja asome habari ya wanawake waliokwenda kaburini alfajiri, bibi aombe. Watoto wapakuliwe kwanza.

MASWALI

BabaMapacha: Mayai mangapi kwa watoto kumi?
— Hatua ya 2, mkuu.

BabaMapacha: Nimesoma haraka. Na yakifichwa usiku kuna shida?
— Hatua ya 5 nimeiandika kwa ajili ya swali hilo hilo. Irudie yote.

Mdau_Mbeya: Mayai si mambo ya Wazungu haya?
— Waorthodoksi huyatia rangi nyekundu kukumbuka damu ya Kristo. Na zamani Kwaresima ilikataza mayai, kuku hawakuacha kutaga, Pasaka ikifika yamejaa ndani. Usipoyataka yaache, hatua nyingine zinabaki palepale.

DadaWaUjiji: Dada, nimejaribu choya. Maji mekundu kabisa, yai limetoka kama buluu! Nimekosea wapi?
— Hujakosea mdogo wangu, umenifurahisha. Rangi ya choya hubadilika kufuata ukali wa tindikali. Ganda la yai ni chokaa, linaupunguza ukali huo, wekundu unageuka buluu iliyopauka. Kabichi ya zambarau inafanya vivyo hivyo. Sasa jaribu hili: bandika jani la kotimiri kwenye yai bichi, livishe yai kipande cha soksi nyepesi, ivute ikaze, funga kwa uzi, chemshia kwenye maji ya vitunguu. Ukifungua, jani limebaki jeupe na mishipa yake yote. Watoto wangu wanagombania kufungua uzi.

DadaWaUjiji: Asante sana! Siki ikikosekana?
— Ndimu moja, ikamulie.

Shangazi_Tabata: Mayai yanayobaki mnayafanyaje?
— Shikamoo shangazi. Yale yaliyowahi kurudi kwenye friji nayamenya Jumatatu ya Pasaka. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka zivurugike, tia bizari, tui zito, yatumbukize mazima yakiwa yamechanjwachanjwa. Tunalia chapati zilizobaki.

Shangazi_Tabata: Marahaba. Mimi huongeza bilinganya.
— Kata nene au nyembamba, shangazi?