Jinsi ya kuchora kaunti 47 kwenye chati moja ya Excel ikasomeka

Chukua idadi ya watu wa kaunti zote 47 za Kenya katika sensa ya 2019, ibandike kwenye Excel, kisha ubonyeze kitufe cha chati. Utapata nguzo 47 zilizobanana, na majina yaliyolala mshazari, mengine hayaonekani kabisa. Ukichagua chati ya duara, mambo yanaharibika zaidi. Lamu yenye watu 143,920 kati ya 47,564,296 inaambulia digrii 1 tu kati ya 360. Rangi nazo hazitoshi: Excel ina sita za msingi, na zikiisha huzirudia kwa kuzikoza au kuzififisha. Hakuna atakayeweza kulinganisha kipande cha duara na mstari wa 33 wa ufunguo.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kubakiza kumi za juu na zilizosalia kuziita "Nyingine". Kwa kaunti siukubali. Kumi kubwa zina watu 19,411,785, kama asilimia 41 ya nchi. Hiyo "Nyingine" ingekuwa na watu milioni 28, zaidi ya mara sita ya Nairobi, na pau ndefu kuliko zote ingekuwa ya mahali pasipokuwepo. Isitoshe, Mkenya akipewa chati ya kaunti hutafuta kwao kwanza. Asipopaona, chati hiyo si yake. Tumia "Nyingine" pale tu masalia yanapokuwa kidogo, tuseme chini ya sehemu moja ya kumi ya jumla.

Kwa hiyo tutazichora zote 47.

Hatua ya 1: Amua chati inajibu swali gani

Andika swali kwa sentensi moja kabla hujagusa kitufe chochote. Hapa nataka kujua: kaunti sita za Pwani zina uzito gani kiidadi ukizilinganisha na nchi nzima? Sita hizo ni Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Swali hili ndilo litakaloamua mpangilio, rangi na kichwa. Chati isiyo na swali hugeuka ghala la takwimu, na kategoria zikiwa nyingi ndivyo ghala linavyojaa.

Hatua ya 2: Tayarisha jedwali

Safu A iwe jina la kaunti, B idadi ya watu, C kanda. Kwenye C andika "Pwani" kwa zile sita. Nyingine ziache wazi. Ondoa kabisa mstari wa jumla ya nchi, maana ukiingia kwenye chati utazimeza pau zote.

Panga jedwali lote kwa safu B, kubwa juu, ndogo chini. Mpangilio wa alfabeti unafaa kwa orodha ya simu. Kwenye chati unaficha umbo la data: macho yanaruka juu na chini bila kupata mteremko wa kufuata.

Sasa ongeza safu mbili. Kwenye D2 andika =IF(C2="Pwani",B2,0) na kwenye E2 andika =IF(C2="Pwani",0,B2), kisha zivute hadi mwisho. Ikiwa kompyuta yako inatumia nukta-mkato kutenganisha sehemu za fomula, badilisha mkato. D iite "Pwani", E iite "Kaunti nyingine". Kila kaunti sasa ina thamani upande mmoja na sifuri upande wa pili, na huo ndio msingi wa rangi zetu.

Hatua ya 3: Chora pau za kulala

Chagua safu A, kisha ukishikilia Ctrl chagua D na E. Nenda "Insert", chagua "Clustered Bar". Pau za kulala ndizo zinazotakiwa, kwa sababu majina kama Elgeyo-Marakwet na Tharaka-Nithi yanapata nafasi ya kuandikwa kwa mlalo, msomaji asipinde shingo.

Excel itaiweka kaunti ya kwanza chini kabisa. Bonyeza mara mbili mhimili wa majina, tia alama kwenye "Categories in reverse order", na Nairobi itapanda juu. Hapo hapo, chini ya "Labels", weka "Specify interval unit" iwe 1. Usipofanya hivyo, nafasi ikibana Excel huruka majina bila kukuarifu.

Vuta chati iwe ndefu. Kadiria nusu sentimita kwa kila pau: 47 zinahitaji kama sentimita 24, nazo zinaenea kwenye karatasi ya A4 iliyosimama. Maandishi yawe ukubwa wa 8 au 9.

Hatua ya 4: Rangi mbili, basi

Bonyeza pau yoyote, fungua mpangilio wake, weka "Series Overlap" 100% na "Gap Width" kama 40%. Bila huo mfuniko wa 100%, kila pau itakaa nusu ya nafasi yake, kwani Excel inaiwekea nafasi ile sifuri pia.

Kaunti nyingine zipe kijivu. Pwani ipe buluu iliyokoza. Zinatofautiana hata zikipitia mashine ya fotokopi, na msomaji asiyetofautisha nyekundu na kijani hapotezi kitu.

Hatua ya 5: Namba kwenye pau, mistari nje

Ongeza lebo za data kwa safu zote mbili, uziweke "Outside End". Katika muundo wa namba andika 0.00,,;; kisha ubonyeze "Add". Mikato miwili hugawa kwa milioni, hivyo Nairobi inasomeka 4.40 na Lamu 0.14, nukta-mkato mbili za mwisho huficha zile sifuri.

Hakikisha mhimili wa namba unaanzia 0, halafu ufute pamoja na mistari ya gridi. Namba ziko tayari kwenye pau. Usiikate pau ya Nairobi ili nyingine zionekane ndefu. Nairobi ni kama mara 30 ya Lamu, na tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Pau ya Nairobi ikiwa sentimita 12, ya Lamu ni karibu milimita 4, inaonekana vizuri tu. Msongamano wa watu ni kesi nyingine: Nairobi ina zaidi ya watu 6,000 kwa kilomita ya mraba, Marsabit hawafiki 7. Hapo pau zinashindwa, tumia jedwali lenye visanduku vya rangi.

Hatua ya 6: Kichwa kiseme jibu

Jumlisha safu D: 4,329,474. Nairobi peke yake ina 4,397,073. Basi kichwa kiwe: "Kaunti sita za Pwani kwa pamoja hazifikii Nairobi (watu kwa milioni, sensa ya 2019)". Kikisemwa hivyo, msomaji anajua atazame wapi.

Ukitaka kulinganisha na 2009

Usiweke pau mbili kwa kila kaunti; zitakuwa 94. Kokotoa ongezeko kwa asilimia kwenye safu mpya, upange upya, uchore hilo peke yake. Mpangilio utabadilika sana. Lamu, ya mwisho kwa idadi, ilitoka 101,539 hadi 143,920, ongezeko la karibu asilimia 42, ikaipita Nairobi yenye asilimia 40. Nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 23. Pau mbilimbili zingelificha jambo hilo kabisa.

Mwisho, hifadhi chati kama PDF. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama faili, si picha, maana picha hubanwa na majina ya ukubwa wa 8 hufifia.