Kumlea mtafiti wa baada ya uzamivu: anza kuhesabu kutoka mwisho wa mkataba

Mtafiti aliyemaliza uzamivu hufika maabarani na mkataba wa miaka 2, pengine 3. Kwenye biolojia muda huo huyeyuka haraka, kwa kuwa viumbe havifuati kalenda ya mwajiri. Panya wa maabara hubeba mimba kwa takriban siku 20, na watoto wake huhitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya wao wenyewe kuwa tayari kuzaliana. Kizazi kimoja ni karibu miezi 3. Mradi unaotaka mabadiliko matatu ya jeni yakutane ndani ya panya mmoja unaweza kula mwaka mzima kabla ya jaribio lenyewe kuanza, bado hujahesabu kibali cha kutumia wanyama na miezi ya kusubiri wahakiki wa jarida.

Mwongozo huu ni wa wakuu wa maabara, na wa yeyote aliyekabidhiwa dhamana ya watafiti hawa katika taasisi. Unaanzia mwisho na kurudi nyuma, maana huko mwisho ndiko wengi hukwama: matokeo yamepatikana, ila mkataba umekwisha.

Wiki ya kwanza: chora kalenda ya kurudi nyuma

Kaeni wawili, mtafiti na mkuu wa maabara, mbele ya kalenda moja. Tuseme mkataba ni wa miezi 36. Andikeni mwezi wa 36 kwanza. Kisha wekeni msimu wa kuomba kazi. Nchini Marekani, kwa mfano, nafasi nyingi za uhadhiri katika biolojia hutangazwa kati ya Agosti na Novemba, usaili hufuata kuanzia Desemba hadi Machi, na kazi huanza katikati ya mwaka au baadaye. Anayekosa msimu mmoja husubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo maombi yatumwe miezi 12 hadi 15 kabla ya mkataba kwisha, na wakati huo mswada uwe umekwisha kusomeka na watu wengine, angalau kama chapisho la awali kwenye hazina ya bioRxiv. Rudini nyuma tena: mswada uliokamilika mwezi wa 20 unadai data kuu iwe mezani karibu na mwezi wa 14.

Hapo ndipo ukweli hujitokeza. Mradi ambao panya wake watakuwa tayari mwezi wa 13 hauwezi kuwa kazi pekee ya mtu huyu. Dawa yake ni miradi miwili: mmoja wa kuthubutu, ambao ukifaulu utamjengea jina, na mwingine wa uhakika, unaotumia seli, data au panya ambao maabara tayari inao. Msigawanye muda nusu kwa nusu, kwani yote miwili itadumaa. Siku moja kwa wiki kwa ule wa uhakika inatosha mwaka wa kwanza.

Andikeni pia, siku hiyohiyo, sharti la kuacha: "Ifikapo mwezi wa 12, protini ikiwa bado haijatengana safi, tunauacha." Sharti hili huandikwa mapema kwa sababu maalumu. Mwaka ukishapita, mkuu wa maabara ameshatumia fedha na mtafiti ameshapoteza usingizi, na hakuna kati yao anayetaka kuwa wa kwanza kutamka neno kuacha.

Swali linalokwepwa: ataondoka na nini?

Katika mazungumzo yote ya mwezi wa kwanza, hili ndilo zito kuliko yote. Mtafiti akienda kuanzisha maabara yake, ni maswali gani ya utafiti atachukua? Jopo la usaili litamuuliza, karibu bila kukosa, kazi yake itatofautiana vipi na ya mkuu wake wa zamani. Asipokuwa na jibu, hata machapisho mazuri hayamsaidii. Na mkuu asiyetaja mpaka mapema mara nyingi huishia kushindana na mtu aliyemfundisha mwenyewe.

Ukurasa mmoja unatosha. Uandikwe mada atakayochukua, mada itakayobaki, vifaa na panya atakaoruhusiwa kuhama nao, na miaka mingapi maabara haitaigusa mada yake. Ukurasa huo upitiwe upya kila baada ya miezi 6, maana mradi hugeuka njiani. Ikiwa watafiti wawili wanafanya kazi jirani katika maabara moja, mpaka uchorwe mbele ya wote wawili. Kuzungumza na kila mmoja faraghani huzaa ahadi mbili zisizopatana.

Suala la majina kwenye makala liingie hapohapo. Mfumo wa CRediT, unaoonyesha nani alichangia nini kwenye makala, una dhima 14, kuanzia wazo na mbinu hadi uchambuzi, uandishi na utafutaji wa fedha. Jazeni jedwali lake mradi unapoanza, si makala inapotumwa. Ugomvi mwingi huzuka wahakiki wanapodai majaribio mapya: mtafiti ameshaondoka, mwanafunzi mwingine anayafanya kwa miezi 5, kisha naye anadai kuwa mwandishi wa kwanza mwenza, na anayo haki ya kuuliza. Kanuni ya hali hiyo iwe imeandikwa kabla haijatokea.

Mshauri wa pili, asiye bosi

Mkuu wa maabara ndiye mwajiri, mwalimu, mwandishi wa barua ya mapendekezo na mpinzani anayewezekana, vyote kwa wakati mmoja. Kwa mtafiti aliyetoka nchi nyingine, hata viza yake mara nyingi hutegemea ajira hiyo. Haitoshi kumwambia mtu wa namna hiyo "ukiwa na tatizo sema".

Undeni kamati ya washauri 2 au 3. Mtafiti awachague mwenyewe, taasisi ihakikishe tu kwamba angalau mmoja hana ruzuku ya pamoja na mkuu wa maabara, na mmoja yuko nje ya fani hiyo. Wakutane mara 2 kwa mwaka, saa moja. Dakika 20 za mwisho mkuu wa maabara atoke nje, kila mara na kwa kila mtafiti, ili kutoka kwake kusionekane kama dalili ya mgogoro. Mtafiti aandike muhtasari wa ukurasa mmoja ndani ya siku 2, abaki nao.

Kasoro ya kawaida: kikao hugeuka semina ya data. Slaidi 40, maswali kuhusu vidhibiti vya jaribio, saa imekwisha, na hakuna aliyetaja ajira. Wekeni kikomo cha slaidi 5. Faida nyingine ya kamati huonekana baadaye, kwani maombi mengi ya kazi hudai barua 3. Bila kamati, barua ya pili na ya tatu huandikwa na watu wanaomfahamu kwa kumpita kwenye korido.

Mpango binafsi wa maendeleo nao una nafasi yake. Chombo cha myIDP, kilichoanzishwa mwaka 2012 na kinachotumika bure mtandaoni, humsaidia mtu kupima ujuzi wake, mambo anayoyapenda na anayoyathamini. Majibu ya kujipima yabaki siri ya mtafiti. Mbele ya mkuu wa maabara ufunguliwe ukurasa wa malengo peke yake. Mtu akijua kwamba bosi atasoma, ataandika kile bosi anachotaka kusikia. Na malengo yenyewe yapimike. "Kuboresha bioinfomatiki" si lengo. "Kufikia mwisho wa Juni, kuchambua mwenyewe data ya RNA ya seli moja moja kutoka faili ghafi hadi mchoro wa makala" ni lengo.

Ufadhili wa nje na saa zinazokimbia kimyakimya

Kila ufadhili una saa yake, na nyingine huanza kukimbia kabla mtafiti hajafika. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Ulaya hauchukui mtu aliyeishi au kufanya kazi katika nchi mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi. Ruzuku ya K99/R00 ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani (NIH) imewekewa ukomo wa miaka 4 ya uzoefu baada ya uzamivu. Humfadhili mtu hadi miaka 2 akiwa bado chini ya mshauri na hadi miaka 3 akiwa kwenye maabara yake. Kanuni hurekebishwa, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika, tena siku ile mtafiti anapokubali kazi, si anapopata nafasi ya kupumua.

Rasimu ya kwanza ya maombi iwe tayari wiki 8 kabla ya tarehe ya mwisho. Wiki 6 kabla isomwe na watu 2, mmoja asiyejua fani hiyo. Bajeti ifike ofisi ya fedha wiki 3 kabla. Taasisi iwe na hazina ya maombi yaliyofaulu na yaliyoshindwa, pamoja na maoni ya wahakiki, kwa ridhaa ya walioyaandika. Yaliyoshindwa hufundisha zaidi.

Angalieni jambo moja ambalo huumiza watu baada ya pongezi kwisha. Kwenye baadhi ya taasisi, anayelipwa na mfadhili moja kwa moja hahesabiwi tena kuwa mwajiriwa, akapoteza michango ya pensheni, bima au likizo ya uzazi. Ofisi ya utumishi iulizwe kabla ya kusaini, na taasisi ijaze pengo hilo. Si haki mtu apate pigo kwa sababu ameshinda.

Siku za kujifunza, na kazi nje ya maabara

Makubaliano ya Uingereza kuhusu maendeleo ya watafiti, yaliyorekebishwa mwaka 2019, yametaja angalau siku 10 kwa mwaka za kujiendeleza. Ni kipimo kizuri popote. Ila siku zisizowekwa kwenye kalenda huliwa na majaribio, kwa hiyo ziandikishwe kama vile mtu anavyojiwekea zamu ya hadubini.

Kozi za darasani si kila kitu. Mpe asimamie mwanafunzi mmoja kwa miezi 3. Mpe bajeti halisi ya mradi wake, aagize vitendanishi na aone fedha zinavyokwisha. Ukiombwa kuhakiki makala, ihakikini pamoja, na umjulishe mhariri jina lake. Kuandikiwa uhakiki na mtu asiyetajwa ni tabia inayopaswa kukoma.

Nafasi za kuongoza maabara ni chache kuliko watafiti wanaozitaka. Wengi watakwenda kwenye kampuni za dawa na bioteknolojia, usimamizi wa dawa, uhariri wa majarida, hataza, uchambuzi wa data, au vitengo vya mashine za pamoja. Usiziite kazi hizo mpango mbadala mbele yao. Tunzeni orodha ya waliowahi kupita kwenye taasisi na wanachofanya sasa, na muwaunganishe kwa mazungumzo ya nusu saa. Kampuni huajiri kwa ajili ya nafasi iliyo wazi sasa, hivyo mtafiti aanze kuomba kama miezi 6 kabla, akiwa na wasifu wa kurasa 2, si ule wenye kila bango la kongamano.

Kwa wanaoelekea uhadhiri, fanyeni mara 2 mazoezi ya mhadhara wa ubaoni, ule wa kueleza jopo la usaili utafiti anaopanga kufanya. Hapo hakuna slaidi, mna chaki na maswali yanayokatiza. Wanaoanguka huwa wametumia nusu ya muda kueleza waliyokwisha kufanya. Dakika 5 kwa yaliyopita, kisha lengo la kwanza, jaribio la kwanza, na nini kitafanyika likigoma.

Miezi 3 ya mwisho

Makubaliano ya kuhamisha sampuli kati ya taasisi mbili huweza kuchukua miezi, kwa hiyo yaanze mara tu barua ya kazi inapofika. Kila plasmidi (kipande cha DNA cha mviringo) na kila mstari wa seli zinazokuzwa maabarani uingizwe kwenye orodha yenye namba ya sanduku, mahali ndani ya friza na tarehe. Panya wasiohitajika sasa wahifadhiwe kwa kugandisha mbegu, na sampuli moja iyeyushwe kujaribiwa kabla ya panya wa mwisho kuondolewa. Data ghafi zihifadhiwe nakala mbili, mahali pawili tofauti, na mtu mwingine azifungue kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa tu, mwenyewe akiwa kimya pembeni. Asipoweza, maelezo yaandikwe upya wakati bado wapo chumba kimoja.