Umeumizwa na eabegi ya gari huku Marekani? Gari usiiachie, halafu soma hapa kabla hujasaini chochote

Naandika nikiwa Houston. Hapa Waswahili tuko wengi, Wakongo, Watanzania, Wakenya, Warundi, na karibu wote tumeanza maisha na gari iliyokwishachoka, ya dola elfu tatu au nne, ya kumpeleka mtu kazini usiku na kumrudisha. Mimi kazi yangu ni kutafsiri, hospitalini na kwenye ofisi za mawakili. Sio wakili, kwa hiyo haya yachukue kama pa kuanzia, ya mwisho utaambiwa na wakili wako.

Kilichonifanya niandike ni mama mmoja niliyemtafsiria. Ajali yenyewe ndogo kabisa, kagonga gari ya mbele kwenye taa, bampa tu, wenzie walishuka wazima wakaanza kupiga picha. Yeye akabaki ameshika shingo damu inatoka, eabegi, ule mfuko wa hewa unaofunguka kwenye usukani, ilikuwa imepasuka ikamrushia chuma. Alikuja kwa wakili na kikopo cha dawa, ndani kuna kipande cha chuma ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kimepinda, upande mmoja kimeungua. Wakili akauliza swali la kwanza, gari iko wapi? Mumewe akajibu bima ilishaichukua, wakasaini hati wiki ya pili, wakalipwa elfu mbili na kitu. Wakili akanyamaza. Nilitafsiri ule ukimya pia, maana ulieleweka.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo, GARI USIIACHIE. Kesi ya eabegi mbovu inasimama juu ya gari yenyewe, juu ya usukani wenyewe na ile inflata, kile kichupa cha chuma kinachopuliza mfuko. Bima ikishasema gari haitengenezeki, inakulipa thamani yake, inachukua hati, gari inaenda mnadani inanunuliwa na watu wa spea au inasagwa screpa. Ikishafika huko hakuna wa kuirudisha. Hata kabla ya wakili, piga simu bima na kule yadi ilikovutwa na brekdaun, waambie kwamba gari ni ushahidi isiguswe isiuzwe, kisha WATUMIE MAANDISHI, imeili au barua, maana ya mdomo hayana shahidi. Yadi itakudai pesa ya kila siku ya kuegesha, najua inauma, ndio maana inabidi wakili apatikane haraka, wengi wana mahali pa kuhifadhi gari na gharama wanabeba wao. Usimruhusu fundi yeyote afungue usukani "aangalie tu". Piga picha nyingi, mfuko wenyewe kama umechanika au una matundu, damu ilipo, vipande vya chuma kwenye siti au kwenye paa, kioo, VIN yaani namba ya kutambulisha gari, na maili ilizotembea.

Na hospitalini hivyo hivyo. Daktari akitoa chuma mwilini, mwambie kabla hujapelekwa chumba cha upasuaji, au ndugu yako amwambie, kwamba kile kipande kisitupwe, kiwekwe na kiandikwe jina. Omba mkalimani, hospitali zinazopokea pesa za serikali zinatakiwa kukupa bure, usimfanye mtoto wako wa miaka kumi ndiye aeleze. Halafu hakikisha imeandikwa kwenye faili kwamba jeraha ni la kukatwa au kuchomwa na kitu. Mwaka 2014 kule Orlando mwanamke mmoja alikufa baada ya ajali, na majeraha ya shingoni yalifanana sana na ya kisu mpaka polisi wakaanza kuchunguza kama mauaji, kumbe ni eabegi ya gari yake. Ndivyo haya majeraha yanavyodanganya.

Sasa tuelewane, sio kila aliyeumizwa na eabegi ana kesi. Eabegi nzima ikifunguka inakuja kwa nguvu, inachubua, inaunguza mikono kidogo, inaweza hata kuvunja pua, na hiyo ndiyo kazi yake, imekuokoa. Kesi ipo pale ilipofanya ambacho haikutakiwa kufanya, imepasuka na kurusha vyuma, au imefunguka unaendesha tu bila kugonga kitu, au umegonga mbele kwa nguvu nayo ikalala. Hii ya kulala ni ngumu zaidi kuithibitisha, kwa sababu ukigongwa nyuma au ubavuni eabegi za mbele huwa hazitakiwi kufunguka, watakuambia hivyo na mara nyingine watakuwa sahihi. Hapo kinachosaidia ni kisanduku cha kumbukumbu kilicho ndani ya gari, kinarekodi mwendo, breki, mkanda, na kama amri ya kufungua ilitolewa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2015 inasema data ile ni mali ya mwenye gari, kwa hiyo mtu wa bima akitaka kuisoma hawezi hivi hivi, anahitaji ruhusa yako au amri ya mahakama. Usimpe ruhusa kabla ya kuongea na wakili wako.

Zile zinazopasuka nyingi ni za Takata, kampuni ya Japani. Walitumia amonia naitreti, jamii ile ile ya mbolea na baruti za migodini, na hiyo kitu ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ya kuwaka inawaka kwa kasi kuliko chuma kinavyoweza kuhimili, kichupa kinakuwa bomu. Ndio maana Florida, Texas na pwani yote hii ya joto ndiko kulikotisha zaidi. Marekani peke yake eabegi kama milioni 67 ziliitwa zirudishwe zibadilishwe, na waliokufa ni zaidi ya 25, waliojeruhiwa mamia. Hapa karibu na Houston mwaka 2016 alikufa binti wa miaka 17, alikuwa na Honda Civic ya 2002, ajali ambayo kwa kawaida mtu anashuka anatembea. Na sio bahati mbaya tu, kampuni ilikiri kosa mahakamani mwaka 2017 kwamba ilidanganya kuhusu matokeo ya majaribio. Ninalirudia hili kwa sababu watu wetu wengi wakiumia wanasema ni mipango ya Mungu, wanakaa kimya. Mungu hakughushi zile karatasi.

Baada ya kukiri walifilisika, na hapa ndipo watu wanapopotea njia, kwa sababu Takata yenyewe huwezi tena kuishtaki kama kampuni ya kawaida. Iliacha mifuko ya fidia. Mmoja ulitoka kwenye kesi ya jinai, dola milioni 125, unaitwa Individual Restitution Fund. Mwingine ulitoka kwenye ufilisi, unaitwa Takata Airbag Tort Compensation Trust Fund. Unajaza fomu, unaambatanisha ripoti ya polisi, faili la hospitali, picha na uthibitisho kwamba gari yako ilikuwa na inflata ya aina hiyo, nao wanapima jeraha kwa madaraja, kifo, upofu, shingo, makovu, na kadhalika. Pesa zina mwisho na wadai ni wengi, usitegemee utalipwa yote unayostahili.

Tofauti kubwa iko kwenye aina ya gari. Kama ni Honda au Acura na eabegi ni ile ya Takata, mahakama ya ufilisi iliagiza madai yapitie kwenye ule mfuko, sio kwenda moja kwa moja kuishtaki Honda. Kwa hiyo wakili akikuambia "nitawashtaki Honda wiki ijayo", muulize anajua habari ya mfuko au hajui, ukiona hajui, tafuta mwingine. Kama ni gari nyingine, Toyota, Nissan, Ford, BMW na wengineo, unaweza kudai kwenye mfuko na pia kumshtaki aliyetengeneza gari, kwa hoja kwamba aliuza gari yenye kasoro au alijua akachelewa kuonya watu.

Kuna aina ya tatu inayoniogopesha sana kwa sababu ndiyo inayotufuata sisi wanunuzi wa bei rahisi. Gari iliwahi kupata ajali, eabegi zikafunguka, mtu akainunua mnadani, akaitengeneza, akaweka eabegi ya bandia ya bei ya kutupa, akakuuzia. Julai 2024 shirika la serikali la usalama barabarani, NHTSA, lilitoa onyo baada ya watu 3 kufa na 2 kuumia vibaya ndani ya miezi tisa kwa inflata za namna hiyo. Hapo mfuko wa Takata haukuhusu. Unawatafuta wote waliohusika, gereji iliyofunga, duka lililouza gari, aliyeingiza zile eabegi nchini. Risiti yako ya kununulia, matangazo uliyoyaona Facebook, meseji mlizoandikiana na muuzaji, vyote hivyo usifute. Na kama bado hujaumia lakini gari yako ina hati ya gari iliyojengwa upya, mpelekee fundi unayemwamini aangalie eabegi kabla ya kitu kingine.

Muda. Texas na California kwa kawaida una miaka miwili tangu siku ya kuumia, New York mitatu, Tennessee MMOJA tu, na najua Nashville kuna watu wetu. Juu ya hapo kuna saa nyingine inayohesabu umri wa gari, Texas ikishapita miaka 15 tangu iuzwe mara ya kwanza kesi dhidi ya mtengenezaji inaweza kufungwa mlango, Tennessee ni 10. Sasa fikiria gari zetu zina umri gani. Mtoto akiumia Texas muda wake unasimama mpaka afike 18, ila madai ya mzazi ya pesa za hospitali hayasimami, kwa hiyo usikae ukisubiri mtoto akue.

Akifa mtu, Texas wanaoruhusiwa kudai ni mume au mke, watoto, na wazazi. Kaka hayumo. Mjomba aliyekulea hayumo, hata kama ndiye aliyekusomesha na kukuleta huku. Hili nimeliona likivunja vikao vya msiba, kaka mkubwa ndiye anashika kila kitu halafu wakili anamwambia wewe huna haki, mlete mama. Mama yuko Kigoma au Bukavu, na mama anaweza kudai akiwa huko huko. Vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa anza kuvitafuta mapema, vinachelewa kuliko kesi.

Watu wananiuliza kama mtu hana karatasi anaweza kudai. Anaweza, kuumizwa na bidhaa mbovu hakuangalii viza. Ila mweleze wakili wako hali yako mapema na kwa siri, asiisikie kwa mara ya kwanza mbele ya wakili wa kampuni.

Kuhusu wakili mwenyewe, hizi kesi hulipi mwanzo, anachukua asilimia akishinda, kawaida theluthi mpaka 40. Uliza asilimia ni kabla au baada ya kutoa gharama, maana mtaalamu wa kupima inflata ni ghali sana, na bili za hospitali nazo zitakatwa hapo hapo. Uliza pia ukishindwa nani analipa gharama. Muulize ameshawahi kufanya kesi ya bidhaa mbovu, sio ajali tu za kawaida, ni fani tofauti. Na yule kijana anayekuja hospitalini wakati bado umelazwa, anaongea Kiswahili kizuri, anakuita shemeji, ana fomu ya kusaini? Texas wakili kumtuma mtu akutafutie kesi hivyo ni kosa la jinai. Mwambie asante, chukua kadi yake kama ushahidi, usisaini.

Usisaini pia karatasi ya bima ya yule uliyegongana naye kabla haijasomwa na mtu wako. Ile hundi ya haraka mara nyingi inakuja na maneno ya kusamehe kila mtu. Na watakuuliza kuhusu mkanda, mahakamani Texas wanaruhusiwa kuuliza, sema ukweli.

Kwa walioko nyumbani, mambo ni magumu zaidi. Gari zetu za kutoka Japani hazina VIN ya herufi na tarakimu 17, zina namba ya chesisi, na unaiangalia kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Japani, sio ya Marekani, ya Marekani itakuambia namba haipo ukadhani uko salama. Japani yenyewe tangu Mei 2018 inakataa kupitisha ukaguzi gari za hatari zaidi ambazo eabegi hazijabadilishwa, kwa hiyo unapoagiza muulize muuzaji kwa maandishi kama imeshabadilishwa. Ukiumia, Kenya na Tanzania madai ya namna hii kwa kawaida yana miaka mitatu, na mnayeanza naye ni aliyekuuzia gari.

Kwa aliyeko Marekani na hajaumia, chukua simu sasa hivi, VIN iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva na kwenye kadi ya bima, iandike kwenye tovuti ya nhtsa.gov/recalls au piga 888-327-4236. Ikitokea gari imeitwa kwa ajili ya eabegi ya Takata, dila wa kampuni hiyo anabadilisha bure, haijalishi gari ni ya mwaka gani wala wewe ni mmiliki wa ngapi. Ikiandikwa usiendeshe, usiendeshe hata mpaka kwa dila, wapigie waje kuivuta.