Tawa la kale la chuma: kulichagua, kulisafisha na kulikomaza

Wakuu, kila wiki inboksi yangu inajaa swali lile lile: "Nimepata tawa kuukuu kwa wauza vyuma chakavu, nalifanyaje?" Naandika yote hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo cha mada hii.

Nazungumzia chuma cha kumimina, kile kizito ambacho kikivunjika ndani ni cha kijivu. Sizungumzii bati nene wala aluminiamu.

1. Sumaku. Isiponata, hiyo ni aluminiamu. Mrudishie mwenyewe.

2. Ligonge. Lining'inize kwa kamba, gonga ukingo kwa kijiko. Likilia kama kengele, ni zima. Sauti ikifa papo hapo, kuna ufa hata kama huuoni. Usikubali maneno ya "tutachomelea".

3. Geuza usome mgongo. Ukikuta jina Griswold na msalaba ndani ya duara, hicho ni chombo cha Erie, Pennsylvania, Marekani, na kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1957. Lodge wa Tennessee wapo tangu 1896 na wanaendelea mpaka leo. Waskoti nao walimimina sana. Carron, karibu na Falkirk, walianza 1759. Ukiona mstari mnene uliovimba katikati ya mgongo, hapo ndipo chuma kilipoingilia kwenye kalibu (umbo la kumiminia), na mara nyingi ni dalili ya karne ya 19 au kabla. Lakini lisilo na jina usilidharau. Tawa zuri kuliko yote niliyonayo nililinunua Makoroboi, hapa Mwanza, kwa bei ya kupimwa kilo, na halina hata herufi moja.

4. Uliza lilikuwa linafanya kazi gani. Wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo yenye hatari. Huku kwetu kando ya ziwa chombo kizito cha chuma ni rahisi kugeuzwa cha kuyeyushia metali ya risasi, iwe ya vizito vya nyavu au ile inayotolewa kwenye betri za magari. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, hata jiko la mkaa linatosha. Ikishaingia kwenye vinyweleo vya chuma haitoki kwa sabuni, kwa siki wala kwa moto, na ni sumu inayoumiza ubongo wa watoto kuliko mtu mzima. Usitegemee macho. Muuzaji akisita, au akisema lilikuwa la fundi na hajui fundi gani, liache. Tawa lingine utalipata, mtoto wako hana mbadala.

5. Kutu. Siki na maji nusu kwa nusu, lizame lote, ulitazame kila nusu saa. Usililaze humo usiku kucha, maana siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma. Sugua kwa stilwaya, suuza, kausha kwenye moto hapo hapo. Ukiliacha lijikaukie, kutu mpya inakuja kabla hujamaliza chai.

6. Kukomaza, yaani kulipaka mafuta na kuyachoma mpaka yakaze yawe ngozi inayozuia chakula kunata. Tumia mafuta ya alizeti au ya mbegu za pamba, ambayo kanda yetu haiyakosi. Mawese na ya nazi ni matamu kwenye mboga, ila hayashikani vizuri na chuma kwa kazi hii. Pasha tawa mpaka liwe vuguvugu, lipake mafuta pande zote na mpini, kisha chukua kitambaa kikavu ulifute kana kwamba umekosea kulipaka. Futa tena. Likiwa bado linang'aa kwa umajimaji, mafuta ni mengi. Mafuta mengi hayakazi, yanakuwa ulimbo wa kahawia unaonata vidole, na itabidi urudi hatua ya 5. Liinamishe juu ya mafiga, mkaa uliokwisha kushika vizuri ukiwa chini, funika kwa sufuria kuukuu. Litatoa moshi, subiri mpaka moshi ukome, kama saa moja. Liache lipoe hapo hapo jikoni. Rudia mara tatu au nne.

ONYO: usimwage maji baridi kwenye tawa la moto. Linapasuka, na mlio wake utaujua. Usilitupe ndani ya moto mkali eti kutu itoke, litapinda.

7. Anza na chapati, siyo mchuzi. Nyanya na ndimu zinakula ukomavu mpya.

MASWALI

Kijana wa Buzuruga: Mkuu, mafuta gani? Sijasoma yote.
— Hatua ya 6.

Kijana wa Buzuruga: Si ungejibu tu?
— Nimejibu kabla hujauliza. Soma.

Mama Nyasaka: Habari kaka. Tawa la bibi yangu ni laini kabisa, jipya nililonunua lina chembechembe. Kwa nini?
— Salama dada, umeuliza jambo la maana. Kalibu ni la mchanga, na hizo chembe ni alama ya mchanga wenyewe. Viwanda vingi vya zamani vilisaga uso wa chombo baada ya kumimina, kazi ambayo ni gharama, na vingi vya sasa vimeiacha. Lako jipya litapika vizuri tu. Kinachozuia chapati kunata ni ukomavu na moto wa kutosha. La bibi mgongoni lina nini?

Mama Nyasaka: Namba 9 tu, na ukingo mdogo uliochomoza pande zote.
— Basi litunze sana! Kwa vyombo vya Kimarekani namba hiyo siyo inchi. Inatokana na ukubwa wa tundu la majiko ya zamani ya kuni na makaa, na ule ukingo ulikuwa wa kukaa juu ya tundu. Ukipata nafasi tuwekee picha.

Fundi Igoma: Mimi nalitupa kwenye moto wa kuni, kutu yote inatoka. Mnahangaika bure.
— Kutu inatoka na chuma kinapinda. Liweke juu ya tailizi ulizungushe; likizunguka, limepinda.

Fundi Igoma: Linazunguka kidogo.
— Ndiyo hiyo hasara niliyoandika kwenye onyo.

Dada wa Mwaloni: Sato ananata kila siku.
— Mkaushe kwa kitambaa kwanza. Pasha tawa, ndipo utie mafuta, ndipo umlaze. Usimsukume; ngozi ikiiva inaachia yenyewe.

Mama Nyasaka: Harufu ya samaki mimi naitoa kwa chumvi ya mawe. Naikaanga kavu, nasugulia, namwaga.
— Naam, inafaa, na haikwaruzi ukomavu.

Mzee wa Kirumba: Kijana, mimi natumia mtungi mdogo wa gesi. Katikati panaungua, pembeni pabichi.
— Shikamoo mzee. Moto wa gesi unapiga katikati tu na chuma hiki kinasambaza joto polepole. Anza na moto mdogo kwa dakika kumi, ukilizungusha kila baada ya muda, ndipo uongeze.

Dada wa Mwaloni: Na ule weusi mgumu wa mafuta ya miaka na miaka?
— Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Tumia ndoo ya plastiki, vaa glavu na miwani, fanyia nje. Tia soda kwenye maji, kamwe usimwagie soda maji. Ndoo au sufuria ya aluminiamu isikaribie hapo, soda inaila na kutoa gesi inayoshika moto. Liache siku mbili tatu, suuza sana, kisha endelea na hatua ya 5.